Hesabu Zilizokuwa Kwenye Kishimo cha Mdako

Katika kikao cha wazazi cha shule anayosoma mjukuu wangu hapa Tanga, baba mmoja alisimama na daftari la mwanawe mkononi. Akalifungua mbele yetu sote. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha za mafungu ya vizibo vya soda, unaofuata una jedwali lililochorwa na mtoto kwa mistari iliyopinda. Hakuna safu za maswali, hakuna vema za kalamu nyekundu. Akasema amemleta mtoto shule asome, hakumleta aokote vizibo. Kucheza anacheza hata nyumbani, tena bure. Wazazi wengi wakampigia makofi. Mwalimu wa darasa la pili, binti mdogo ambaye bado ni mgeni kazini, alijibu kwa adabu kwamba mtaala unataka watoto wajifunze kwa vitendo, kisha akakaa.

Jibu hilo halikumtosha yule baba, na sidhani kama lilipaswa kumtosha. Mzazi anayeuliza kama mwanawe atajua hesabu anauliza swali la haki, na hawezi kuridhishwa na jina la waraka. Mimi nimefundisha madarasa ya chini karibu maisha yangu yote ya kazi, na tangu siku ile zimenirudia sura za watoto niliodhani nimekwisha kuwasahau. Wao ndio jibu nililonalo.

Nimezaliwa Muheza. Nilianza darasa la kwanza katikati ya miaka ya sabini, wakati Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe. Tulikuwa wengi kuliko madawati, na hesabu kwetu ilikuwa kuimba. Mwalimu anaonyesha ubaoni kwa fimbo, sisi tunaitikia: mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne. Nilikuwa na sauti kali, kwa hiyo nilihesabiwa miongoni mwa wanaojua. Lakini mtu akinikatisha na kuniuliza mbili mara saba, ilinibidi nianze upya kimoyomoyo tangu mwanzo wa wimbo mpaka niifikie.

Jioni, uani kwa bibi, mambo yalikuwa mengine. Tulicheza mdako. Kwa asiyeujua: mnachimba kishimo cha duara kwenye mchanga, mnatia kokoto, na kila mchezaji ana kokoto yake ya kurusha. Unairusha juu, inapokuwa hewani unazikomba kokoto zote nje ya kishimo, unaidaka. Unairusha tena, safari hii unazirudisha zote kishimoni isipokuwa moja, ambayo ni yako. Mzunguko wa kwanza ni mojamoja. Ukimaliza unaingia mbilimbili, halafu tatutatu, nnenne, na kuendelea. Ukiacha nje nyingi au chache kuliko zinazotakiwa, zamu imekwenda. Kila mtaa una sheria zake. Kwetu, zikibaki chache zisizotimiza fungu, ulizichukua zote kwa mara moja na mwenzako alikuwa na haki ya kuzitaja idadi kabla hujazigusa.

Mtoto wa miaka saba anayecheza hivyo, tena mkono ukiwa mbioni na jicho likiwa juu, anagawanya. Anajua kabla ya kurusha kwamba 12 kwa nnenne ni safari tatu. Anajua kwamba kwa tanotano ni safari mbili na zinabaki mbili. Nilijua yote hayo uani. Shuleni hakuna aliyeniuliza, nami sikuwahi kufikiri kwamba yale na haya ni kitu kimoja. Kati ya ua wa bibi na shule kulikuwa na uzio wa michongoma tu.

Nilipomaliza chuo cha ualimu, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipangiwa shule iliyozungukwa na mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Nikapewa darasa la kwanza, kama wapewavyo wageni wengi. Huko nilimkuta mtoto wa kike aliyeweza kuhesabu hadi 100 bila kukosea, kwa sauti nzuri, na mkaguzi alipokuja alisimamishwa yeye. Siku moja nilimtuma aniletee vijiti 8 kutoka kwenye boksi. Akaleta gao zima. Nikamwambia avihesabu. Akaanza kuvigusa huku akitaja namba, lakini kidole na ulimi havikwenda pamoja. Kidole kilikuwa kwenye kijiti cha tano, ulimi umefika tisa. Alipomaliza nikamuuliza ni vingapi, akaanza kuhesabu tena. Kwake, kuhesabu ilikuwa kitu unachokisema. Hakujua kwamba namba ya mwisho ndiyo inayobeba zote zilizotangulia.

Mtoto wa namna hii hatambuliki kwenye daftari. Ukimpa 3 + 4 atainakili kwa jirani au atachora vistari na kubahatisha. Utamgundua ukimpa kitu cha kushika. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mchezo, na wazazi hawaielezwi vya kutosha: kabla haujamfundisha mtoto, mchezo unamwonyesha mwalimu mtoto amekwama wapi. Yule binti tulimpeleka kwenye kamba. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka, wenzake wanahesabu, na huwezi kuitaja sita kama miguu haijaruka mara ya sita. Mwili ukamfundisha kwamba namba moja ni tukio moja. Kutoka kwenye kamba tukarudi kwenye vijiti.

Vijiti tulivifunga makumi kwa nyuzi za katani, maana katani kule hainunuliwi. Mchezo ulikuwa wa duka la kuni. Mwenye duka ana mafungu matatu ya kumi na vijiti viwili vilivyo huru, yaani 32. Mteja anataka 15. Mwenye duka anatazama vile viwili, anatazama mteja, anaona havitoshi tano. Nakumbuka mtoto mmoja alivyoling'ang'ania fundo la katani kwa meno mpaka likaachia, vijiti kumi vikamwagika mapajani. Sasa anavyo 12 vilivyo huru. Anatoa vitano vinabaki saba. Anatoa na fungu moja zima. Linabaki fungu moja na vijiti saba. Kumi na saba. Baada ya hapo ndipo nilipoandika 32 – 15 ubaoni, nikaikata ile 3 na kuandika 2 juu yake, nikauliza hiyo ni nini. Darasa likajibu: tumefungua fungu. Wenzangu walikuwa wakifundisha jambo hilohilo kwa kusema "kopa moja", na watoto walikopa bila kujua wamekopa nini wala kwa nani.

Mdako niliuingiza darasani baadaye, nilipohamia darasa la tatu na kukuta watoto wanachukia kugawanya. Mwalimu mkuu wa wakati huo hakupenda kuona vishimo vinachimbwa uwanjani, ila alituachia kona moja nyuma ya choo cha walimu. Kila kundi lilipewa kokoto 12, na mmoja wao alikuwa karani: baada ya kila mzunguko anaandika ni safari ngapi na zimebaki ngapi. Mbilimbili, safari sita, baki hakuna. Tatutatu, nne, hakuna. Tanotano, mbili, baki mbili. Karani ndiye aliyekuwa moyo wa somo lile. Bila yeye watoto wangecheza vizuri na kurudi ndani kama walivyotoka. Yeye aliandika 12 ÷ 5 = 2 baki 2 huku wenzake wakimwona, na kila alama kwenye karatasi ilikuwa na kokoto zake mchangani.

Siku iliyofuata nikawapa kundi moja kokoto 13 bila kuwaambia. Kulikuwa na msichana mkimya, mtoto wa mama anayeuza mboga, ndiye karani. Akaandika: mbilimbili, baki moja. Tatutatu, baki moja. Nnenne, baki moja. Tanotano, baki tatu. Sitasita, baki moja. Akanijia na karatasi, "Mwalimu, hizi zetu ni korofi, hazikubali." Nikamwambia atafute kama kuna nyingine zenye ukorofi huo. Wakaanza kupunguza kokoto mojamoja. Kumi na mbili zinakubali. Kumi na moja hazikubali. Kumi zinakubali. Kufikia kengele ya mapumziko walikuwa na orodha: 13, 11, 7, 5. Ile 3 na ile 2 walibishana nazo sana, kwa sababu ni chache mno kuchezewa mdako. Hizo ndizo namba tasa. Ziko kwenye mada za madarasa ya juu yake, na wapo wanaozikariri bila kuelewa ziligunduliwaje. Watoto wale walizigundua nyuma ya choo, kwa mikono iliyojaa vumbi, na walipofika kwenye jina lake walikuwa wamekwisha kutana na kitu chenyewe.

Lakini mtoto aliyenifundisha zaidi ni mvulana aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga ya mama yake karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa darasa la nne, na kwenye daftari lake la hisabati hakukuwa na jambo la kumsifia. Jioni moja nilisimama kwenye sinia lake. Kipande kilikuwa shilingi 50. Nikachukua vipande 13, nikampa noti ya 1000. Hakufumba hata jicho: "Kumi mia tano, vitatu mia na hamsini. Mia sita na hamsini, mwalimu." Kisha akanirudishia chenji, sarafu moja baada ya nyingine kwenye kiganja changu. Ya hamsini: "Mia saba." Ya mia: "Mia nane." Nyingine: "Mia tisa." Nyingine: "Elfu." Akanishukuru akamgeukia mteja mwingine.

Asubuhi nikaandika ubaoni 1000 – 650, moja kati ya maswali matano. Kwenye daftari lake nikakuta 1650. Nilielewa alivyofika huko: sifuri toa sifuri, sifuri, sifuri na tano, akaandika tano kwa kuwa ndiyo kubwa, sifuri na sita, akaandika sita, moja ikashuka yenyewe. Nikamwita, nikamuuliza kwa sauti ya chini: mteja akikupa elfu, ukamrudishia elfu moja mia sita na hamsini, mama atasemaje? Akaitazama ile namba kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akaifuta kwa kiganja, akaandika 350 bila kupanga chochote.

Nilichora mstari mrefu ubaoni. Mwanzoni 650, mwishoni 1000. Nikamwomba aonyeshe alivyonirudishia chenji. Akaruka hadi 700, akaandika 50 juu ya mruko. Akaruka hadi 1000, akaandika 300. Darasa zima lilikuwa kimya likimtazama, kwa sababu hakuwa mtoto wa kuitwa ubaoni. Ndipo tukairudia ile njia ya kupanga kwa safu, kwa lugha yake: noti ya elfu tumeivunja tukapata mia kumi, mia moja tumeivunja tena. Alielewa. Mpaka mwisho wa mwaka alikuwa bado anakosea mengine, ila hakuandika tena jibu ambalo asingelikubali kwenye sinia.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, nilikutana na utafiti uliofanywa Recife, Brazili, na kuchapishwa mwaka 1985 na Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Waliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza barabarani, wakanunua kwao kama wateja wa kawaida na kuuliza bei na chenji. Majibu yalikuwa sahihi kwa takriban asilimia 98. Hesabu hizohizo zikageuzwa kuwa maswali ya maneno, usahihi ukashuka hadi kama asilimia 74. Zikaandikwa kwa tarakimu tupu, ukashuka hadi kama 37. Mmoja wa watoto hao alikuwa muuza nazi. Nazi moja 35, mteja anataka kumi. Hakuzidisha kwa kumi. Alikwenda kwa tatutatu: 105, 210, 315, kisha akaongeza moja, 350. Nilipoisoma habari ile nilimwona yule mvulana wa mihogo.

Watafiti wengine, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wamelirudia swali hili kwa upana zaidi katika masoko ya Kolkata na Delhi, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025. Watoto wanaofanya kazi sokoni walikokotoa bei ngumu kichwani lakini wakashindwa hesabu za shule. Upande wa pili nao haukuwa salama: wanafunzi waliozoea tarakimu za daftari walitaabika na hesabu za sokoni. Basi na mtoto wa yule baba aliyesimama kikaoni, hata akijaziwa daftari vema nyekundu, anaweza kutumwa dukani na kurudi na chenji pungufu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya vijana wenzetu wanaosema mtoto akifurahi atajua. Nimeingia kwenye somo la mwalimu mwanafunzi aliyekuwa na kipaji cha kuimba. Watoto waliimba kutoka moja hadi ishirini, wakapiga makofi, wakazunguka darasa, nyuso zinang'aa. Mwisho wa kipindi niliweka vizibo 9 mezani nikamuuliza mtoto wa karibu ni vingapi, akaimba. Wimbo ule haukuwa na kitu cha kuhesabiwa ndani yake. Ungeweza kuyabadili maneno yake ukaweka majina ya miji na mchezo usiharibike. Mdako huwezi kuufanyia hivyo: ukikosea hesabu, umekosea mchezo. Hicho ndicho kipimo ninachowapa walimu wanaonijia kuomba ushauri. Wajiulize kama mtoto anaweza kushinda bila kuhesabu. Kama anaweza, wautafute mchezo mwingine.

Mashindano ya nani-kajibu-kwanza nayo siyapendi. Wanaoyafurahia ni wale wanne waliokwisha kujua. Wengine hujifunza kunyamaza.

Pingamizi kubwa la walimu wenzangu halikuwa falsafa, lilikuwa idadi. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, madarasa ya kwanza yalifurika. Yakafurika tena mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza. Watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja, utacheza nao nini? Hoja hiyo ni nzito, na mwenye kuipuuza hajawahi kusimama mbele ya darasa hilo. Nilichokiona mimi ni kwamba darasa la namna hiyo ndilo lisiloweza kufundishwa kwa ubao peke yake, kwa sababu aliye nyuma haoni ubao. Tulitoka nje chini ya miembe, makundi ya wanane wanane, kila kundi na kiranja wake, na kila kundi na vizibo vyake kwenye mfuko wa unga. Vizibo tuliletewa na wenye vioski. Mimi nilizunguka. Kelele zilikuwepo, mkuu wa shule alizizoea. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ukawekwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, tukapata angalau muda. Kabla ya hapo masomo yalikuwa mengi na hesabu ilikuwa inakimbizwa.

Zana ninayoipenda kuliko zote ni trei la mayai. Lina mashimo 30, safu tano za sita. Mtoto anatia punje ya hindi katika kila shimo, anasoma tano mara sita. Siku moja mtoto aligeuza trei lake ubavu, akasema mbona sasa ni sita mara tano na punje hazijaongezeka. Kwa neno hilo moja nusu ya jedwali la kuzidisha ilikuwa imepungua kukaririwa. Trei mawili yakikatwa kwa mkasi na vipande vyake kupangwa upya yanatoa saba mara nane. Ukiweka uzi baada ya safu ya tano unaona tano mara nane, 40, na mbili mara nane, 16. Mtoto aliyeona hivyo akisahau 56 anaweza kuijenga tena. Mimi, nilipokuwa mdogo, nikiisahau nilikuwa sina pa kwenda.

Kinachonisikitisha ni kwamba vitu hivi huishia darasa la pili. Kuanzia la tatu mtoto anaambiwa amekua. La nne kuna upimaji wa kitaifa, na walimu wanaona muda wa mchanga na makopo umekwisha. Wakati hapo ndipo sehemu zinapoingia, na sehemu ni ngumu kuliko kujumlisha. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa na darasa la nne lililoamini robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Nikakumbuka pishi ya bibi, kipimo chake cha nafaka. Pishi ni vibaba vinne, kisaga ni vibaba viwili. Tukatengeneza vipimo vyetu kwa makopo, tukavijaribu kwa mchanga mpaka vikapatana: pishi moja, kisaga ambacho ni nusu yake, kibaba ambacho ni robo, na kikopo kidogo cha nusu kibaba ambacho ni sehemu moja ya nane.

Mvulana mmoja alikuwa ameandika 1/4 + 1/4 = 2/8. Moja na moja mbili, nne na nne nane. Nikamwambia apime pande zote mbili. Akamimina vibaba viwili, kisaga kikajaa. Akamimina vikopo viwili vya nusu kibaba, kikajaa kibaba tu. Akatazama karatasi, akatazama mchanga. "Mwalimu, hii niliyoandika imekula kibaba kizima." Akafuta. Nikawapa wote nusu jumlisha robo. Baadhi walimimina kwanza ndipo wakaandika; wengine, yeye akiwa mmoja wao, waliandika 3/4 kwanza, wakamimina ili kuhakikisha.